Kulikalisha neno kichwani: namna ya kufundisha msamiati wa Kiswahili na Kiingereza

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa skuli ya msingi au sekondari, Unguja na Pemba, na wa mzazi anayekaa jioni na mwanawe mbele ya daftari. Unahusu maneno tu: yachaguliwe vipi, yafundishwe vipi siku ya kwanza, yarudiwe vipi hata mwezi ujao bado yawepo. Sarufi tumeiweka kando, isipokuwa pale ambapo neno haliwezi kusimama bila yake.

Kuna jambo moja ambalo likikosewa, yote yanayofuata hukosewa. Kabla hujaandika neno ubaoni, jiulize mwanafunzi ana nini tayari. Kuna neno ambalo kitu chake mtoto anakijua vizuri, kilichobaki ni jina. Kuna neno ambalo anadhani analijua, kwa sababu Kiswahili kina neno linalokaribia, lakini mipaka ya maneno hayo mawili haifanani. Na kuna neno ambalo mtoto hana kitu wala jina. Kila aina ina dawa yake. Kosa linaloonekana sana madarasani ni kuzipa zote dawa moja: maneno 15 ubaoni, mkabala na kila moja maana yake, watoto wananakili, kengele inalia. Wiki ya pili daftari linayo, kichwa hakina.

Kitu kipo, jina ndilo geni

Mtoto wa Kojani au wa Nungwi hahitaji kufundishwa kwamba maji hupwa na hujaa. Anazijua siku za bamvua, bahari inapotoka mbali na watu wakenda kuchokoa pweza miambani, na anazijua siku za maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Anajua pia kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Somo la jiografia likifika kwenye "tide", kazi ya mwalimu ni fupi. Aulize kwa Kiswahili, wanafunzi wachore ufuo na mistari ya maji, kisha waweke majina: maji kujaa ni "high tide", maji kupwa ni "low tide", bamvua ni "spring tide", maji mafu ni "neap tide". Dakika 10 zinatosha, na zinabaki za kueleza mvutano wa jua na mwezi, ambao ndio kweli mgeni.

Mwalimu akianza upande wa pili, na maelezo ya Kiingereza ya kitabuni, wanafunzi watalitafuta "spring" katika kamusi na kupata chemchemi, au majira ya Ulaya baada ya baridi. Watakariri. Hakuna atakayetambua kwamba linalosemwa ni bamvua lile lile analosubiri baba yake.

Shamba la karafuu linatoa mfano mwengine. Mtoto wa Pemba aliyekaa usiku akichambua karafuu anajua kwamba zilizochumwa ni matumba ambayo hayajafunua, na kwamba makonyo hutengwa. Tayari ana "bud" na ana "stalk". Somo la biolojia kuhusu sehemu za ua lianzie kwenye jamvi la karafuu, si kwenye mchoro wa ua la nchi za baridi ambalo hajapata kuliona.

Kwa aina hii usiogope kusema neno la Kiswahili ndani ya somo la Kiingereza. Wapo wanaoona ni kasoro. Lakini neno moja la Kiswahili hutoa maana kwa nukta chache, ilhali maelezo ya Kiingereza hutumia maneno matano mengine ambayo mtoto hayajui. Toa maana kwa Kiswahili mara moja, kisha baki katika Kiingereza wakati wa kulitumia. Kinachoharibu ni kutafsiri kila sentensi mpaka mwisho wa kipindi, kwani mtoto hujifunza kusubiri tafsiri.

Neno linalokaribia

Hapa ndipo makosa mengi ya Kiingereza chetu yanapotoka, na hayaondoki kwa kusahihishwa kwa wino mwekundu, kwa sababu mwanafunzi hajakosea kukariri. Amepanua neno la Kiingereza mpaka likalingana na la Kiswahili.

Chukua "sikia". Kwa Kiswahili tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa na baridi. Mwanafunzi aliyeandikiwa kuwa "hear" ni sikia ataandika kwamba amesikia harufu ya samaki kwa "hear", na kwa mantiki ya daftari lake yuko sahihi. "Azima" wengi hulitumia kwa anayetoa na kwa anayechukua, lakini Kiingereza kina "lend" kwa mmoja na "borrow" kwa mwengine. "Mkono" unafunika "hand" na "arm", "mguu" unafunika "foot" na "leg", "kidole" ni cha mkononi na cha mguuni. Redio tunaifungua, basi mtoto husema "open the radio". Na "piga" ni bahari pana: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga hodi, na Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila moja.

Saa nayo inataka uangalifu. Mwanafunzi anayejua namba vizuri husema "one o'clock" kwa saa moja asubuhi, kwa sababu saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua. Tofauti ni masaa 6, na saa ya ukutani inasaidia: mkono mfupi unaonesha namba ya Kiingereza, tunayoisoma sisi ni ile iliyo mkabala nayo. Siku ni hivyo hivyo. Usiku wa Ijumaa kwa wazee wetu ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa Kiingereza bado ni usiku wa Alkhamisi. Kijana anayepanga safari za wageni lazima alijue hili, la sivyo gari litafika hotelini siku siyo.

Dawa ya aina hii ni kukataa tafsiri ya neno kwa neno. Fundisha kifungu kizima. Kadi ya "piga picha" iwe na "take a photo", ya "piga simu" iwe na "make a call", na neno "piga" peke yake lisiandikwe popote kama tafsiri. Kwa "sikia", andika sentensi tatu za Kiswahili ubaoni, ya sauti, ya harufu na ya njaa, kisha waulize kila moja inatumia kiungo gani cha mwili. Wakishajibu sikio, pua na tumbo, wape "hear", "smell" na "feel". Watakuwa wameiona mipaka kwa macho yao.

Ila usiwafundishe maneno yanayokaribiana siku moja yakiwa yote mageni. Hili linapingana na vitabu vingi, vinavyopanga rangi zote ukurasa mmoja na vinyume vyote ukurasa mwengine. Tafiti za Thomas Tinkham (1993 na 1997) na Rob Waring (1997) zilionesha kwamba maneno ya kundi moja la maana yakifundishwa pamoja kwa mara ya kwanza huchukua muda zaidi kukaa, kwa sababu yanachanganyana. Mtoto aliyefundishwa "left" na "right" kwa pamoja anajua kuwa ni kushoto na kulia, hajui lipi ni lipi, na mkanganyo huo unaweza kudumu miaka. Fundisha "borrow" wiki hii, litumieni mpaka lizoeleke, kisha "lend" baada ya wiki mbili. Kulinganisha ni kazi ya marudio.

Wala kitu wala jina

Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka 11 anakutana na wazo jipya na lugha mpya kwa wakati mmoja. Neno kama "photosynthesis" halina mlango wa kuingilia. Likitafsiriwa kwa "usanisinuru", limetafsiriwa kwa neno jengine asilolijua.

Anza na kitu. Oteshea mchicha katika makopo mawili, udongo mmoja, maji sawa. Moja likae dirishani, jengine ndani ya kabati lililofungwa, siku 7. Mchicha wa kabatini utarefuka shina, utalegea na kugeuka manjano. Wanafunzi waeleze kwa Kiswahili walichokiona na wanachodhani ni sababu yake. Kisha waambie kwamba jani hutumia mwanga wa jua, maji ya mizizini na hewa ya kaboni dayoksaidi kutengeneza chakula chake, nao wasimuliane wawili wawili mpaka kila mmoja aweze kusema bila kutazama. Hapo leta "usanisinuru", na uwakumbushe kwamba "nuru" wanaijua tangu chuoni, walikosoma Kurani. Jina la Kiingereza lije mwisho kabisa, likatwe vipande: "photo" ni mwanga, "synthesis" ni kuunganisha. Kazi hii inakula vipindi viwili. Ukitaka kuifupisha, punguza maneno mengine ya wiki hiyo, usipunguze hatua.

Maneno gani yafundishwe

Hapa waalimu wengi hupoteza nguvu. Neno refu la kitabuni hupewa nusu ya kipindi, na maneno madogo yanayobeba mtihani mzima huachwa yajifunze yenyewe. "Describe" na "explain" kwa Kiswahili zote ni "eleza". Mtahiniwa anaulizwa aeleze kwa nini ufuo unaliwa na bahari, yeye anaeleza ufuo ulivyo. Anapata sifuri ilhali jibu analijua. "Compare", "suggest", "state", "amount", "increase", "therefore" ni maneno ya kila somo na kila mwaka, na yanastahili kufundishwa kabla ya majina ya miamba.

Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kiasi cha 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Ukiyajua yaliyomo pamoja na minyambuliko yake, umeshika kiasi cha asilimia 80 ya maneno ya maandishi ya kawaida. Averil Coxhead aliongeza mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo hufunika takriban asilimia 10 ya maandishi ya masomo. Orodha zote mbili zinapatikana bure kwenye intaneti. Zichapishe, zibandike ofisi ya waalimu, na kila neno jipya la kitabuni litazamwe humo kwanza. Lisipokuwemo na si istilahi ya somo lenyewe, toa maana yake kwa Kiswahili papo hapo na uendelee kusoma.

Kuhusu matini yenyewe, Marcella Hu na Paul Nation (2000) walionesha kwamba msomaji huhitaji kujua kiasi cha asilimia 98 ya maneno ili asome peke yake na aelewe vizuri. Kwa hesabu ya darasani: katika ukurasa wa maneno 200, mageni yasizidi 4. Yakifika 10, matini hiyo ni ya kusoma na mwalimu. Yakifika 25, si matini ya kusoma tena, ni ya kufumbua, na mtoto akipewa kazi hiyo kila siku atachukia kusoma. Jaribu kabla: mpe mwanafunzi wa kati, asiye wa kwanza wala wa mwisho, apige mstari chini ya kila asilolijua, kisha hesabu.

Idadi kwa kipindi: maneno 6, yasizidi 8. Inaonekana ndogo. Kwa vipindi viwili vya msamiati kwa wiki ni maneno 12, na kwa wiki 35 za masomo ni 420. Miaka mitano hutoa zaidi ya 2,000, yaani orodha nzima ya West, ikiwa hakuna linalosahauliwa. Anayefundisha 15 kwa siku na yakabaki 2 hafiki huko.

Siku ya kwanza ya neno

Kila neno lipewe dakika 2 hivi, kwa mpangilio huu.

1. Ubao ukiwa mtupu, sema neno mara tatu, taratibu kisha kwa kasi ya kawaida. Darasa lirudie, kisha safu moja moja, kisha watu watatu au wanne peke yao. Sauti itangulie maandishi kwa sababu maalumu: Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, basi mtoto anayeona "island" kabla ya kulisikia atalisoma na s yake, na sauti hiyo itamganda.

2. Toa maana kwa njia ya karibu zaidi: kitu chenyewe, kitendo, mchoro, au neno la Kiswahili. Chagua moja.

3. Andika ubaoni. Likate silabi. Herufi isiyotamkwa ipigwe duara.

4. Sema sentensi moja yenye neno hilo na yenye jambo wanalolijua, la sokoni Darajani au gati ya Mkoani. Wao waseme ya pili.

5. Baada ya maneno yote, futa ubao. Sema la Kiswahili, waandike la Kiingereza bila kutazama. Kisha ubao ujazwe upya na wao, nao wajisahihishe.

Hatua ya tano ndiyo hurukwa wakati unapobana, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Neno hukaa kwa kuvutwa kutoka kichwani. Kulisoma tena hakutoshi, wala kulirudia kwa pamoja kwa sauti kubwa hakutoshi: katika darasa la watoto 50, sauti 15 huwabeba waliobaki na mwalimu hajui.

Kwa matamshi, watoto wa Zanzibar wana mali ambayo wengi duniani hawana. Wanaotamka "thamani" na "dhahabu" sawasawa wanazo tayari sauti mbili za "th" ya Kiingereza, ya "think" na ya "this". Waoneshwe tu kwamba ni zile zile. Shida yao iko kwenye irabu, kwa kuwa sisi tunazo 5: "ship" na "sheep" huwa kitu kimoja, na "cat", "cut" na "cart" zote huishia kwenye a yetu. Fanya zoezi la kusikia kwanza. Sema moja, wainue kidole kimoja au viwili. Asiyesikia tofauti hataitamka.

Marudio

Hermann Ebbinghaus, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionesha kwamba sehemu kubwa ya unachokariri hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana marudio ya mwanzo yawe ya karibu na ya baadaye yawe ya mbali: mwisho wa kipindi, kesho yake, siku ya nne, wiki ya pili, mwezi wa pili. Dakika 5 za mwanzo wa kila kipindi zinatosha, zikitengwa kweli. Neno huhitaji kukutana na mtu mara kumi hivi au zaidi, mahali mbalimbali, ndipo liwe lake.

Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, njia nyepesi ni boksi la kadi, ambalo Sebastian Leitner alilieleza mwaka 1972. Chukua karatasi ya A4, ikunje nusu mara tatu na uikate: unapata kadi 8. Karatasi 10 ni kadi 80, za kutosha wiki sita. Manila ni bora kuliko karatasi nyembamba, ambayo huonesha maandishi ya upande wa pili na mtoto akapata jibu bila kufikiri. Upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana kwa Kiswahili, mchoro mdogo na sentensi fupi. Kadi moja, neno moja. Anayejaza kadi moja kwa maana nne hataweza kujua kama amejibu sawa au la.

Boksi la viatu ligawe vyumba vitano kwa vipande vya boksi. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, kinachotazamwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia cha pili, kinachotazamwa kila baada ya siku 2. Cha tatu ni kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukikosa, kadi inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa cha tano. Wiki ya kwanza tazama upande wa Kiingereza na utaje Kiswahili. Baadaye geuza, maana kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ni kuzito zaidi na ndiko kunakohitajika unapoandika insha. Changanya kadi kila mara. Zikikaa mpangilio mmoja, mtoto hukumbuka linalofuata badala ya maana. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, boksi hulowa na kadi hushikana, basi ziwekwe kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko. Mwenye simu anaweza kutumia programu kama Anki inayofanya hesabu hii yenyewe. Lakini simu ya nyumba moja hugombewa na watu wanne, na boksi halina chaji ya kwisha.

Kiswahili nacho hufundishwa

Kwa kuwa ni lugha ya nyumbani, wengi hudhani msamiati wake hujileta. Huja wa mazungumzo tu. Wa maandishi na wa fani lazima uletwe.

Anza kwa kuheshimu neno la nyumbani. Mtoto akiandika "tungule", "mbatata" au "skuli" hajakosea. Mjulishe kwamba atakutana pia na "nyanya", "viazi" na "shule" katika vitabu vya bara, na ajue lipi litumike wapi. Hivyo hivyo kwa mtoto anayezungumza Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi. Neno lake liandikwe ubaoni, la sanifu liandikwe pembeni yake, yote mawili yasomwe. Kiunguja cha mjini kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa. Huo ulikuwa uamuzi wa vitabu na skuli, na haufanyi lahaja nyengine kuwa makosa. Mtoto aliyechekwa kwa neno la bibi yake hunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi maneno mapya.

Kila jina lifundishwe na wingi wake na upatanisho wake, kwa kuwa humo ndimo maana inamokaa. Ua la asumini ni maua likiwa mengi; ua wa makuti ni nyua. Na kila kitenzi kifundishwe na ukoo wake. Kutokana na "soma" wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kutoa somea, somesha, someka, msomaji, msomi, usomaji, somo na kisomo. Waulize msomaji na msomi wanatofautianaje, kisomo kinafanyika wapi, na somo wa bi harusi ni nani. Neno moja linazaa maneno manane kwa dakika 15, na hakuna kadi inayoshinda hilo.

Kamusi nayo ina ufundi wake, na mtoto asipofundishwa huifunga akidhani neno halimo. "Alimpikia" hutafutwa kwenye "pika": ondoa a-li-m mwanzoni, ondoa kiambishi cha mwisho, baki na mzizi. "Nyuso" iko kwenye "uso", "nyimbo" kwenye "wimbo", "meno" kwenye "jino". Toa maneno 10 ya namna hii kila wiki, wapime kwa saa nani anafika wa kwanza. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), la mwaka 2010, linafaa zaidi kwa maneno ya huku, na nakala moja kwa kila wanafunzi wanne inatosha.

Maneno ya kazi za mikono yanapotea haraka, na skuli inaweza kuyashika. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kukusanya maneno 10 kutoka kwa mtu mzima mmoja anayefanya kazi moja. Kwa msukaji: miyaa, ukindu, ukili, kawa, mkeka, jamvi. Kwa mvuvi: dema, juya, jarife, mshipi, ngalawa, tanga, foromali. Sharti ni kwamba kila neno liletwe na sentensi ya yule mtu mzima, kama alivyoisema, na mchoro. Orodha isiyo na sentensi irudishwe. Kitendawili nacho kisidharauliwe: anayetega lazima achague maneno ya kuficha, anayetegua lazima ayapime moja moja.

Kiarabu cha chuoni, kwa kifupi. Mtoto ana mamia ya maneno tayari, kitabu, wakati, bahari, safari, elimu, na yafundishwe kwanza kwa sababu hayagharimu kitu. Tahadhari ni kwenye herufi ambazo Kiswahili kimeziunganisha: moyo ni "qalb", mbwa ni "kalb", na k yetu haitenganishi.

Kupima

"Mmefahamu?" "Ndiyooo!" Hilo halipimi chochote. Pima kwa kutoa karatasi yenye maneno 20, mwanafunzi aweke alama kwa anayoyajua. Ndani yake tia matatu ya kubuni yasiyokuwepo katika Kiingereza, kama "plave". Anayeyawekea alama matatu yale, majibu yake mengine nayo hayaaminiki na akae na mwalimu. Kisha chagua matano kati ya aliyodai kuyajua, ayatumie katika sentensi zake. Fanya hivi wiki tatu baada ya kufundisha, bila kutangaza, kwani jaribio la kesho yake hupima kumbukumbu ya jana tu.

Neno likikosewa na zaidi ya nusu ya darasa, usilirudie kwa njia ile ile. Rudi kwenye swali la mwanzo: je, kitu chake wanakijua? Mara nyingi utakuta neno lilifundishwa kama jina la kitu kinachojulikana, nalo lilikuwa na wazo lisilopata kuelezwa kwa lugha yoyote. Lipangie kipindi chake, liondoe kwenye orodha ya wiki hii, na yale maneno mengine yaendelee.